Namna ya Kuandika Historia ya Kwaya ya Kijiji: Anzeni na Daftari la Nyimbo

Kwaya nyingi za Mtwara na Lindi huikumbuka historia yao pale jubilei inapokaribia. Kamati huundwa, katibu huagizwa aandike "historia fupi ya kwaya", naye huketi jioni moja na mwenyekiti na kutoa ukurasa wenye mwaka wa kuanzishwa, orodha ya viongozi, safari zilizofanyika, mafanikio na changamoto. Ukurasa huo husomwa mbele ya mgeni rasmi, hupigiwa makofi na vigelegele, kisha hupotea pamoja na karatasi za ratiba. Mimi mwenyewe niliandika ukurasa wa namna hiyo nilipokuwa katibu wa kwaya katika kijiji kimoja kando ya barabara itokayo Lindi kwenda Masasi. Miaka kadhaa baadaye, nilipoombwa kuandika kijitabu kamili, niliurudia na kuona aibu, kwa sababu ndani yake hapakuwa na jina la wimbo hata mmoja. Tulikuwa tumeandika historia ya waimbaji bila kueleza walichokuwa wakiimba.

Maelezo yanayofuata yametokana na kazi ile ya pili, ambayo ilitupotezea muda mwingi mwanzoni kwa sababu tulianza na viongozi na mihtasari ya vikao. Viongozi walikumbuka zaidi uongozi wao, na mihtasari ilijaa michango na maazimio ya kununua sare. Kazi ilifunguka tulipogeukia madaftari ya nyimbo. Ushauri wangu kwa yeyote anayeanza leo ni kwamba ayakusanye madaftari hayo kwanza, na mambo mengine yote ayapange kwa kuyafuata.

Madaftari kabla ya watu

Karibu kila aliyewahi kuimba kwaya kwa miaka miwili mitatu ana daftari, au alikuwa nalo, au mjukuu wake analitumia kwa kazi nyingine. Ulizeni nyumba kwa nyumba, hasa kwa wanawake wazee, maana kwa uzoefu wetu ndio waliohifadhi zaidi: ndani ya sanduku la nguo, chini ya godoro, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa juu ya kabati. Msisubiri, kwa sababu katika nyumba zetu mchwa na mende hawana subira, na mvua zetu za kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili huziacha karatasi zikinuka ukungu na wino ukitawanyika.

Msilichukue daftari la mtu mkaondoka nalo, hata akiwaruhusu. Daftari lililoazimwa na kwaya huwa halirudi, na kila mwanakwaya analijua hilo moyoni. Lipigeni picha hapohapo kwa simu, nje kwenye kivuli chenye mwanga wa kutosha, likiwa limelazwa juu ya mkeka au kitambaa kisicho na maua mengi. Anzeni na jalada la mbele, endeleeni ukurasa kwa ukurasa bila kuruka hata ule usio na kitu, na malizieni na jalada la nyuma, kwa kuwa huko nyuma ndiko watu walikoandika hesabu za nauli, majina ya waliokosa mazoezi na mara nyingine barua za mapenzi. Katika picha ya kwanza kabisa wekeni kikaratasi chenye jina la mwenye daftari, tarehe na mahali, ili baada ya kupiga picha 800 msianze kubishana hili lilikuwa la nani.

Baada ya hapo tengenezeni orodha ya nyimbo. Kila wimbo uandikiwe mstari wake wa kwanza, ufunguo wake, mtunzi kama ametajwa, daftari ulimopatikana, mwandiko ni wa nani kama unajulikana, na tarehe kama ipo. Kazi hii inachosha, lakini ndiyo uti wa mgongo wa kitabu. Sisi tulipata nyimbo zaidi ya 300 katika madaftari 11, na nyingi kati ya hizo hakuna kijana katika kwaya ya sasa aliyewahi kuzisikia.

Mwandishi wa historia hii anapaswa kujua kusoma nota, au akae na mtu anayejua. Kwaya zetu, za Kikatoliki na za Kianglikana vilevile, zimelelewa na mwandiko wa tonika sol-fa, ule wa herufi d, r, m, f, s, l na t, uliobuniwa Uingereza katika karne ya 19 na Sarah Glover kisha ukaendelezwa na kuenezwa na John Curwen. Ulifaa kwetu kwa sababu hauhitaji karatasi yenye mistari mitano wala kinanda. Mwalimu huandika "Do ni G" pembeni, huweka nukta mbili kutenganisha mapigo, kistari cha kurefusha sauti, na alama ndogo juu au chini ya herufi kuonyesha oktava, na watu 40 wanaimba sauti nne kutoka ubao wa darasa la kijijini. Ndiyo maana daftari la mwimbaji linasomeka hata na wajukuu wake, na likisomwa linaimbika.

Faida kubwa ya kujua nota ni kwamba makosa nayo yanasema. Katika madaftari matatu kati ya yale 11 kulikuwa na wimbo mmoja ambao besi yake, katika kipimo kimoja, ilipungukiwa pigo zima, na kosa hilo lilijirudia kwa namna ileile kabisa. Watu watatu hawawezi kukosea mahali pamoja kwa bahati. Maana yake ni kwamba wawili walinakili kwa mmoja, au wote watatu walinakili ubao mmoja siku moja. Tulipowauliza, ikabainika kwamba wawili walikuwa wanafunzi wa mwalimu yuleyule katika shule ya msingi, jambo ambalo hakuna aliyekuwa ametueleza. Kwa njia hiyo mnaweza kuchora nani alijifunza kwa nani, hata pale wahusika wamekwisha kufariki.

Karatasi yenyewe pia ni shahidi wa wakati. Ya mwanzo ni mwandiko wa mkono, wakati mwingine nakala ya kaboni yenye rangi ya buluu. Zikaja karatasi za stensili zilizopigwa taipureta shuleni au parokiani, ambazo maneno yake yamechapwa lakini nota zimekwaruzwa kwa mkono. Zikafuata fotokopi, kisha karatasi za kompyuta, na sasa wimbo unafika kwenye simu ya mwalimu kabla mtunzi hajakauka koo. Mabadiliko haya hayakutokea mwaka mmoja kila mahali, kwa hiyo msiyatumie kutaja mwaka. Yatumieni kupanga kipi kilitangulia kipi.

Swali lenye mazao: wimbo huu ulifikaje hapa?

Orodha ikishapatikana, kwa kila wimbo unaoonekana wa maana ulizeni ulikotoka na nani aliuleta. Katika kijiji chetu majibu yalikuwa mwalimu aliyehamishwa kutoka mkoa mwingine, muuguzi aliyesomea Ndanda, kijana aliyerudi kutoka seminari bila kupata upadri, binti aliyeolewa Newala akarudi kusalimia, na fundi cherehani aliyekaa Dar es Salaam. Hawa wote hawakuwa viongozi na wasingeingia katika ukurasa ule wa jubilei, ilhali bila wao kwaya ingeimba nyimbo kumi zilezile kwa miaka 30.

Swali hili pia huiunganisha kwaya na mambo makubwa ya nchi bila kulazimisha. Kwaya ya Kikatoliki yenye wazee wa kutosha itakuwa na watu wanaokumbuka kuimba Kilatini, na kama bahati ipo mtakuta maneno hayo yameandikwa kwa masikio ya Kiswahili. Hati ya liturjia ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano ilitolewa tarehe 4 Desemba 1963, nayo ikafungua mlango kwa lugha na muziki wa wenyeji, hata ngoma na kayamba vikapata nafasi ibadani. Ulizeni ni lini ngoma iliingia kanisani kwenu, nani aliipiga siku hiyo, na nani alitoka nje kwa hasira. Katika nchi ya sindimba, ngoma ya Wamakonde, swali hilo halina jibu jepesi, maana wazee wa kanisa waliijua ngoma vizuri kuliko waliyokuwa tayari kukiri.

Kwaya za Kianglikana za Masasi zina njia nyingine. Misheni ya Kianglikana ya UMCA (Universities' Mission to Central Africa) ilianzishwa Masasi mwaka 1876 na Askofu Edward Steere pamoja na watu waliokombolewa utumwani, waliotoka Unguja wakapitia Lindi, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha Unguja. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa Masasi tangu 1926, anakumbukwa kwa kujaribu kuiingiza jando katika mafundisho ya Kikristo badala ya kuipiga marufuku. Kama familia zenu zilipitia jando la namna hiyo, ulizeni kuhusu nyimbo zake pia, lakini zile za faragha ziacheni faraghani. Mwandishi anayechapa wimbo wa unyago kwa kuwa umemfurahisha atafungiwa milango yote kabla hajamaliza kitabu.

Kisha kuna nyimbo zisizo za kanisa. Baada ya Uhuru, na zaidi baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, kwaya za shule na za vijana ziliimba siasa, kilimo cha kufa na kupona na elimu ya watu wazima, na kwaya nyingi za vijiji zilikuwa na waimbaji walewale waliovaa sare mbili. Katika kwaya hizo Waislamu na Wakristo walisimama mstari mmoja, na baadhi ya sauti nzuri kabisa za kijiji chetu, kwa maneno ya wazee, zilikuwa za watoto wa madrasa waliozoea kaswida. Kama kwaya yenu ni ya kanisa msiifiche sehemu hii.

Jambo la mwisho katika njia hizi ni barabara yenyewe. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa katika mto Rufiji mwaka 2003, safari ya Dar es Salaam ilitegemea kivuko, na wakati wa mvua mkoa ulikatika kwa majuma. Wimbo mpya wa Dar ungeweza kutufikia baada ya mwaka, ukiwa umeshabadilika njiani. Wazee wawili waliniimbia wimbo mmoja kwa namna mbili tofauti, kila mmoja akiapa kwamba wake ndio sahihi, na wote wawili walikuwa tofauti na nota za mtunzi. Niliziandika zote tatu.

Kumhoji aliyeimba

Pangeni mahojiano kwa kufuata shamba. Kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi Desemba msitegemee kumpata mtu nyumbani mchana, kwa sababu watu wako kwenye mikorosho, na wakitoka huko wako kwenye foleni ya chama cha msingi. Nendeni jioni, au Jumapili baada ya ibada. Msiende mikono mitupu; kilo ya sukari na mche wa sabuni si rushwa, ni adabu. Nendeni wawili, mmoja aulize na mwingine aangalie simu inayorekodi, na yule anayeuliza awe anamfahamu mwenyeji au ametambulishwa na ndugu yake.

Kosa letu la mwanzo lilikuwa kuuliza, "Kwaya ilianza mwaka gani?" Bibi mmoja aliyeimba sauti ya pili kwa zaidi ya miaka 20 alitujibu, "Mjukuu wangu, mwaka ninyi ndio mnaoujua, mmesoma. Mimi nimesahau yote." Tulikwisha kusimama kuaga, mwenzangu akawa anaimba polepole soprano ya wimbo tulioukuta katika daftari la jirani. Bibi akaingia na alto yake pale inapopaswa kuingia, akaenda hadi mwisho bila kukosea neno, kisha akasema, "Hapa kushoto kwangu alisimama mama yake Tatu, alikuwa anatangulia siku zote, mwalimu akimpigia fimbo ya ubao." Tukaketi tena. Tuliondoka saa mbili usiku tukiwa na majina 14, safu ilivyopangwa, rangi ya sare ya kwanza na sababu ya mwalimu yule kuondoka.

Kwa hiyo ingieni na nyimbo tano au sita zilizochaguliwa katika madaftari, mziimbe taratibu, na mwacheni mtu aingie kwa sauti yake. Ombeni aimbe sauti yake peke yake na mrekodi, kisha muulize nani alisimama kulia na nani kushoto. Baada ya majirani wa safu, ulizeni walikofanyia mazoezi, taa waliyotumia, nani alitoa mafuta ya taa, walikula nini safarini. Maswali ya uongozi yaje mwisho.

Miaka itafutwe kwa matukio. Pwani ya Lindi wapo wanaokumbuka kusimuliwa kimbunga cha 1952. Kwa wengine zipo alama hizi: reli ya mradi wa karanga wa Nachingwea kabla haijang'olewa, Uhuru, kuhamia vijijini miaka ya 1970, vita vya Kagera vya 1978 na 1979, ziara ya Papa Yohane Paulo wa Pili nchini Septemba 1990, mvua za El Nino za 1997 na 1998, kifo cha Mwalimu Nyerere Oktoba 1999, msimu wa 2018 ambapo serikali ilinunua korosho na jeshi likaibeba, na mazishi ya Rais Mkapa kijijini Lupaso Julai 2020. Na zipo alama za mwili, ambazo ni sahihi kuliko tulivyodhani: "nilikuwa nimeshachezwa lakini sijaolewa" (yaani ametoka unyagoni), "nilikuwa na mimba ya mtoto wa pili". Mtoto wa pili ana cheti cha ubatizo au cha kuzaliwa, na cheti kina tarehe.

Hapa lipo tatizo la majina ambalo mwandishi asiyetoka Kusini anaweza asilione. Kwa Wamakonde, Wayao, Wamakua na Wamwera imekuwa kawaida mtu kupewa jina jipya atokapo jandoni au unyagoni. Ongezeni jina la ubatizo, kisha jina la mtoto wa kwanza anapokuwa Mama fulani au Baba fulani, na mtu mmoja anaweza kuonekana katika kumbukumbu za kwaya kama watu wanne. Katika rasimu yetu ya kwanza tulikuwa na soprano tatu hodari za miaka ya 1970. Alikuwa mwanamke mmoja. Fungueni kitabu cha majina ambamo kila mtu ana ukurasa wake, na juu yake majina yote aliyowahi kuitwa, jina la mama yake na kitongoji alikozaliwa. Msiunganishe majina mawili mpaka watu wawili wasioulizwa pamoja wamethibitisha.

Kuhusu kurekodi: zimeni mlio na mawasiliano ya simu ili isipigwe katikati, ilazeni juu ya kitenge kilichokunjwa badala ya meza inayogongwagongwa, na mvua ikianza juu ya bati acheni, maana hakuna kitakachosikika. Mwanzoni mwa kila rekodi tajeni tarehe, mahali na waliopo, na ombeni ruhusa kwa sauti ili irekodiwe. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ruhusa si suala la heshima peke yake. Mwelezeni mtu kwamba maneno yake yatachapwa, na muulizeni kama jina lake litajwe.

Saa moja ya maongezi ilinichukua zaidi ya saa tano kuiandika.

Kanda na picha

Kanda ya kaseti ya dakika 60 ikikaa miaka 30 katika chumba chenye unyevu hupata ukungu mweupe pembezoni mwa utepe. Mkiuona msiichezeshe, kwa kuwa itachafua kichwa cha redio na kuharibu kanda nyingine zote. Iwekeni kando hadi apatikane mtaalamu. Kanda iliyo safi, kabla ya yote, ivunjieni vile vijino viwili vya plastiki vya juu, ili mtu asije akabonyeza kitufe cha kurekodi na kufuta ibada ya mwaka 1985. Izungusheni yote mbele na nyuma mara moja ili utepe ulegee, safisheni kichwa cha redio kwa spiriti na pamba, kisha unganisheni tundu la spika za masikioni na kompyuta kwa waya. Hifadhini sauti kwa mfumo wa WAV usiobana. Kanda ya saa moja itakuwa na takriban megabaiti 600. Nakala nyepesi za kusambaza kwenye simu zitengenezwe kutoka kwa hiyo.

Picha zipigwe upya au ziskaniwe zikiwa zimetolewa katika fremu, kisha mzipeleke kwa wazee pamoja na karatasi yenye michoro ya vichwa vilivyopewa namba. Msiandike nyuma ya picha kwa kalamu ya wino. Penseli laini inatosha. Angalieni sare: kitenge kilinunuliwa kwa jora moja, na mwanamke aliyevaa gauni la kitenge hicho hadi likachakaa atawaambia kilinunuliwa duka gani na kwa fedha ya nani.

Nyaraka za mbali

Sehemu hii isiwachukulie muda mwingi. Rejista za ubatizo na ndoa za parokia zinatosha kwa majina na tarehe, na paroko akiona barua yenye muhuri wa kwaya huwa hakatai. Kumbukumbu za zamani za Wabenediktini, walioanzisha Ndanda mwaka 1906 baada ya misheni za Nyangao na Lukuledi kuharibiwa katika Vita vya Majimaji, ziliandikwa kwa Kijerumani. Za UMCA ziko Oxford, Uingereza. Mkimpata anayeweza kuzisoma, vizuri.

Lakini msiache historia ya misheni imeze ya kwaya. Nimesoma vijitabu ambavyo kurasa kumi za kwanza ni za wamisionari, na mwimbaji wa kwanza anatajwa katika ukurasa wa 11. Nusu ukurasa unatosha. Na msiirudishe nyuma kwaya yenu kwa sababu misheni ni ya zamani. Watu kuimba pamoja kanisani ni jambo moja, na kwaya yenye mwalimu, siku ya mazoezi na sauti zilizogawanywa ni jambo lingine. Kwaya yetu ilikuwa ikijiita ya mwaka 1906. Ushahidi wa kwanza wa mazoezi tuliouona ni wa 1958, na baada ya ubishi wa majuma matatu ndio tuliouandika.

Ugomvi

Hakuna kwaya isiyowahi kugawanyika. Yetu iligawanyika kwa sababu ya kinanda: wapo waliochangia kwa mafungu ya korosho, wapo waliochangia kwa kupika chakula cha kuuza, na kilipofika ikabainika kwamba mpigaji pekee ni ndugu wa mwenyekiti. Nusu ya sauti ya tatu ilihama, wakaanzisha kwaya nyingine umbali wa mita 200, na kwa miaka sita kwaya mbili ziliimba saa ileile zikisikilizana.

Wengi wataomba jambo hili lifutwe. Msilifute, kwa sababu bila hilo hakuna atakayeelewa kwa nini daftari la teno, yaani sauti ya tatu, linakatika ghafla na kwa nini nyimbo za miaka hiyo ni za sauti tatu. Andikeni kilichotokea, tarehe, na maelezo ya kila upande kwa maneno yake, mkiwapa nafasi inayolingana. Msiandike nia ya mtu, andikeni alichofanya. Fedha zinazodaiwa kuibwa zisitajwe pamoja na jina la mtu ambaye hakupatikana na hatia mahali popote. Mimi niliusoma ukurasa huo kwa kila upande kwa siku tofauti kabla ya kuuonyesha kwa kamati, na pande zote mbili zilinung'unika kwa kiasi kilekile, nikachukulia kwamba nimekaribia.

Yapo ambayo yabaki katika daftari lenu la kazi tu: magonjwa ya watu, ndoa zilizovunjika, uchawi waliodaiana. Lipo pia jambo moja ambalo lilinisumbua. Rejista ya mahudhurio ilionyesha wasichana wengi wanatoweka ghafla, na pembeni neno "amesimamishwa". Walikuwa wamepata mimba kabla ya ndoa. Wavulana waliohusika waliendelea kuimba besi. Sikutaja jina la msichana hata mmoja, ila niliandika kwamba utaratibu huo ulikuwepo na kwamba uliwagusa wasichana peke yao. Baba mmoja wa kanisa alikasirika, na akina mama wanne walinishika mkono baada ya ibada bila kusema kitu.

Kuandika na kuchapa

Gaweni sura kwa nyimbo, si kwa viongozi. Chagueni nyimbo nane hadi 12, kila moja ibebe kipindi chake: ulikotoka, aliyeuleta, waliouimba, safari uliyoimbwa, kilichokuwa kikiendelea kijijini. Orodha ya viongozi iende nyuma kama kiambatisho, kwa kuwa ni lazima iwepo. Maneno na nota za wimbo wenye mtunzi anayejulikana msizichape nzima bila idhini yake au ya warithi wake. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi wa kijijini sawa na wa mjini. Tajeni mstari wa kwanza na muendelee na simulizi. Nyimbo zilizotungwa na wanakwaya wenu ndizo za kuchapa kwa ukamilifu, kwa idhini iliyoandikwa.

Rasimu ikikamilika isomeni kwa sauti siku ya mazoezi, sura moja kila juma, na waalikeni wazee. Mtu asiyejua kusoma atasahihisha kwa masikio jambo ambalo wasomi watano wamelipitisha. Kila sura ilipofika kwenye wimbo, kwaya iliuimba, na mara mbili wazee waliisimamisha kwaya wakisema kwamba teno wanaimba vibaya. Mojawapo ya mara hizo daftari liliwaunga mkono.

Namba ya ISBN hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, na inafaa kuiomba mapema. Wekeni nakala parokiani, shule ya msingi ya kijiji, maktaba ya mkoa, na kwa kila mtu aliyetoa daftari lake. Picha na sauti zote zihifadhiwe katika diski mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti, moja ikiwa mbali na pwani kama inawezekana.

Na msichape nakala nyingi mara ya kwanza. Sisi tulichapa 200 kwa kuwa bei kwa nakala ilikuwa nafuu. Juma la tatu baada ya uzinduzi alikuja mzee kwa bodaboda kutoka upande wa Tandahimba, ameshika mfuko wa nailoni, akauliza nani ameandika kwamba mazoezi yalianza 1958. Ndani ya mfuko mlikuwa na daftari la besi la mwaka 1954, lenye mwandiko wa mwalimu ambaye tulikuwa tumeandika kwamba alifika baadaye. Tukachapa karatasi ya masahihisho, tukaibandika kwa mkono katika nakala 131 zilizokuwa zimebaki.